Mwanga Uliokaa Sawa Kupita Kiasi

Ngazi za chuma za kiwanda cha Hamazuru zilijengwa na mtu mwenye magoti mazima na chuki kwa wenye magoti mabovu. Ndivyo alivyowaza Inspekta Nishiwaki Kazue alipofika jukwaa la tatu, akashika reli, akajifanya anatazama bahari. Bahari haikuwa na jambo. Alichokuwa anakingoja ni pumzi yake, aone kama itarudi au imemwacha moja kwa moja.

"Pole, afande," alisema Tsukuda, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza kipimo cha gesi. Alikuwa amepanda na sanduku la vyombo begani, na bado alikuwa na hewa ya kusemea. "Limebaki jukwaa moja tu."

"Ulisema hivyohivyo kule chini."

"Kule chini nilikuwa nakutia moyo."

"Na sasa?"

"Sasa pia nakutia moyo. Yamebaki mawili."

Nishiwaki alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbu aliyetua mahali mkono usipofika, akaendelea kupanda.

Nyuma yao alikuja Mzee Orita Masuo, mkuu wa matengenezo wa kiwanda, polepole na bila neno. Kwenye kila kona ya ngazi alisimama, akanyoosha kidole kwenye reli, akatamka kwa sauti, "Reli, sawa!" kisha akapanda tena. Hakuna aliyemcheka. Kiwanda kizima kinafanya kazi hivyo, kila kitu kinyooshewe kidole na kutangazwa kabla hakijaguswa. Nishiwaki mwenyewe hunyooshea kidole jiko la gesi kabla ya kutoka nyumbani, akalitangazia kwamba limezimwa, ingawa anayemsikia ni paka tu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Hamazuru huyeyusha vyuma chakavu. Moshi wa tanuri hupita kwenye bomba pana kama chumba cha kulala, ukaenda kwenye nyumba ya chujio. Ndani ya moshi huo mna gesi ambayo ikizidi hulipuka, na siku ya msiba ilizidi. Fundi aitwaye Uemori alikuwa ndani ya nyumba ya chujio akifagia masizi. Walimtoa kwa machela, uso umefunikwa.

Sasa, ipo kengele ya kuzuia hayo. Kwenye bomba kimefungwa kipimo cha leza, na gesi ikipanda kipimo hupiga kengele kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Anayekaa humo huwaamuru watu wote watoke. Siku hiyo aliyekaa humo ni Minowa Shigeki, na Minowa hakumwamuru mtu. Mlipuko ulikata umeme, ukaunguza na kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo hakukuwa na mashine ya kusema kama kengele ililia. Lilibaki neno la Minowa peke yake, naye alikuwa ameshasaini kwamba ililia, na kwamba aliinyamazisha bila kufikiri. Kesho asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na karatasi yake. Hapo jela ilikuwa na jina lake.

Kilichomsumbua Nishiwaki ni kwamba Minowa alikubali upesi mno. Waongo anawajua, amezeeka nao. Waongo hubishana kama wanunuzi wa samaki. Huyu alichukua bei ya kwanza aliyotajiwa.

"Uliisikia kengele?" alikuwa amemuuliza jana.

"Kama kipimo kilikuwa kizima, basi ililia."

"Sijakuuliza hilo."

"Na kama ililia, mimi ndiye niliyeinyamazisha. Hakukuwa na mwingine mle ndani, afande. Tunanyamazisha kengele kutwa nzima. Ya pampu, ya mlango, ya maji. Mkono unakwenda wenyewe."

Mkubwa wake Nishiwaki alisema hayo ni maungamo na yanatosha. Nishiwaki alisema hayo ni hesabu tu, tena yenye "kama" mbili ndani yake, akaomba siku moja ya kuikagua ile "kama" ya kwanza. Mkubwa alikubali kwa sababu alikuwa anataka kwenda kula. Ndiyo maana leo mama wa watu alikuwa anapanda ngazi.

Jukwaa la tano lilikuwa ubavuni mwa bomba lenyewe. Kipimo kilikuwa kama vichwa viwili vilivyopachikwa kwenye bomba, kimoja huku na kingine ng'ambo, vikitazamana kupitia matundu. Cha huku hutuma uzi wa mwanga usioonekana, cha kule huupokea. Gesi iliyomo njiani hula sehemu ya mwanga huo, na kwa kuangalia kilicholiwa kipimo hujua gesi ni kiasi gani.

"Na mwanga usipofika kabisa?" aliuliza Nishiwaki.

"Hapo kipimo kimekuwa kipofu," alisema Tsukuda. Alikuwa ameshapiga magoti, anafungua sanduku. Ghafla akapiga mluzi. "Hee! Tazama hii, afande."

Alionyesha vali ndogo ya shaba kando ya kichwa. Ilikuwa imefungwa.

"Hapa hupita hewa safi ya kupuliza vioo, masizi yasitue. Ukiifunga, kioo kinakuwa cheusi kama sufuria ya bibi. Halafu kipofu."

Moyo wa Nishiwaki uliruka kidogo, si sana, kwa kuwa umri wake haumruhusu kuruka sana. "Nani alifunga?"

"Zimamoto," alijibu Mzee Orita nyuma yao. Hilo ndilo neno lake la kwanza lisilohusu reli. "Niliwaona nikiwa chini."

Nishiwaki alimpigia simu mkuu wa zimamoto hapohapo.

"Tulifunga kila kinachofungika, mama," alisema mkuu yule. "Hata bomba la maji ya chai kantini tulilifunga. Wamelalamika."

Tsukuda alifungua klipu, akakichomoa kichwa, akamulika kioo kwa tochi. Kioo kilikuwa safi kuliko miwani ya Nishiwaki. Kichwa cha pili, vilevile. Njia hiyo ikafia hapo.

Akakirudisha kichwa mahali pake, akaunganisha kompyuta yake ndogo, akangoja. Namba ikatokea kwenye skrini.

"Asilimia tisini na nne," alisema, sauti imejaa heshima. "Mwanga unaofika ng'ambo ni tisini na nne kwa mia. Afande, nimeshapanda mabomba kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi hii, sijaona nyingi za hivi."

"Jaribu kuharibu."

"Samahani?"

"Zungusha kitu. Nione namba inavyokwenda."

Tsukuda alieleza huku akishika spana. Kila kichwa kimekalia mpira wa duara na kimebanwa na boliti nne. Ukikaza boliti ya juu, kichwa kinainamisha pua. Ukikaza ya chini, kinainua. Kazi ni kukaza na kulegeza nusu robo, macho kwenye namba, namba ipande, ipande, mpaka ianze kushuka. Hapo umepita kilele, unarudi nyuma kidogo. Alilegeza boliti mbili za upande wa huku kwa unywele. Tisini na nne ikawa themanini, ikawa sitini. Akarudisha, akazizungusha hizohizo kinyume. Ikashuka tena.

"Kiko juu ya kilele kabisa," alisema. "Aliyekipanga ana mkono."

Mzee Orita alitazama viatu vyake.

"Ulikipanga wewe, Mzee?" aliuliza Nishiwaki.

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano, kwenye ukaguzi wa mwaka."

"Tanuri likiwa limezimwa?"

"Likiwaka." Mzee alikuwa karibu kukasirika. "Utaratibu unataka liwe linawaka. Nimefanya kazi hii kabla huyu kijana hajaota meno."

"Na baada ya msiba umepanda huku?"

"Sijapanda. Utepe wenu wa njano uko pale chini, afande. Mimi siruki utepe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Nishiwaki alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kwa hiyo kipimo kilikuwa kizima. Kengele ililia. Minowa aliinyamazisha, na mkubwa angekuwa sahihi, jambo linalouma kuliko magoti. Tsukuda alimwomba Mzee ashuke jukwaa moja akafungue hewa kuu, wapulize vioo kabla ya kufunga kazi. Mzee alishuka. "Reli, sawa!" ikasikika, halafu viatu vyake vikaenda vikififia.

Nishiwaki aliketi kwenye ngazi, akatoa tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Lilikuwa la dukani, katikati kuna plamu ya chumvi. Alikula bila hamu. Akamwaza mke wa Minowa, aliyekuja kituoni jana na soksi safi za mumewe, akainama mpaka kipaji kikagusa kaunta, akiomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. Akawaza kwamba akifika nyumbani itabidi aubebe mlango wa chumba cha nyuma, ule wa kusukuma kando, kwani mvua za juzi zimeuvimbisha tena. Wakati wa baridi mlango huohuo huteleza kwa kidole kimoja. Seremala aliupima siku ya baridi, mjinga yule, na...

Aliacha kutafuna.

"Bwana Tsukuda. Kwa nini utaratibu unataka tanuri liwe linawaka?"

"Kwa sababu ya joto. Bomba likipata moto linarefuka na kujipinda. Vichwa vinahama navyo. Ukipanga bomba likiwa baridi, moto ukiwashwa havitazamani tena. Ndiyo maana..."

"Basi kinyume chake. Kimepangwa bomba likiwa la moto. Leo ni baridi, unaweza kulilalia. Namba inatakiwa iwe ngapi?"

Tsukuda alitazama kompyuta yake kana kwamba imemtukana mama yake.

"Thelathini," alisema. "Arobaini ukiwa na bahati."

"Nasi tuna?"

"Tisini na nne." Alivua kofia ngumu, akajikuna. "Nilifurahi mapema, afande. Kwa kawaida nikiona namba kama hiyo nafunga sanduku nikanywe kahawa."

"Mlipuko haungeweza kuvisogeza?"

"Ungeviharibu. Mlipuko haupangi kitu."

"Kwa hiyo kimepangwa baada ya tanuri kuzimwa."

"Tena na mtu anayejua. Lakini anayejua hawezi kupanga kukiwa baridi, ni kazi bure."

"Si bure kama wa kukitazama ni polisi, na polisi watakuja kukiwa baridi," alisema Nishiwaki, akalamba chumvi ya plamu kidoleni.

Akainuka, akalisogelea bomba. Kila boliti ya kiwanda hicho ilikuwa na mstari wa rangi uliochorwa juu ya nati na kuteremka kwenye chuma, ili nati ikijifungua mstari ukatike na mtu auone kwa mbali. Hivyo ndivyo kila fundi alivyofundishwa, kaza halafu chora. Kwenye mlango wa ukaguzi, kando tu ya kipimo, mistari ilikuwa na rangi ya chai iliyokaa. Kwenye boliti za kipimo ilikuwa myeupe kama tofu.

"Rangi hii ikipata moto inakuwaje?"

"Inaungua. Siku chache tu inakuwa kahawia, kama hiyo ya mlangoni."

"Na bomba halijapata moto tangu siku ya msiba."

Tsukuda aliigusa mistari ile myeupe kwa macho tu, hakuthubutu kwa kidole. Kwenye boliti mbili alizozilegeza ilikuwa imekatika. Kwenye mbili alizoziacha ilikuwa mizima, minyoofu, kila mmoja umemalizikia kwa kidoa kama mkia wa kiluwiluwi.

"Usiseme neno," alisema Nishiwaki. "Na hizo mbili usizikaze."

Mzee Orita alirudi akipangusa mikono. Hewa ilikuwa inavuma ndani ya vichwa, fyuu, kama birika.

"Mzee, tusaidie," alisema Nishiwaki. "Huyu kijana amezilegeza mbili, na mwenyewe umesema hajaota meno. Tukazie, tushuke."

Tsukuda alifanya uso wa mtu aliyeonewa, na kusema kweli aliufanya vizuri.

Mzee alichukua spana. Aliinama kwenye kompyuta, akakaza, akalegeza, akakaza. Mikono yake haikuwa na haraka wala shaka. Namba ikapanda mpaka ilipokuwa. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mistari iliyokatika. Akachomoa kalamu ya rangi kwenye mfuko wa kifuani, akachora mmoja, akachora wa pili, kutoka nati hadi chuma, na mwishoni akaiinua kalamu kwa mkato mdogo ulioacha kidoa. Akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha kidole.

"Boliti, sawa!"

Mistari minne ilikuwa imesimama mbele yake, miwili mibichi na miwili mikavu, yote myeupe, yote ina mkia. Kidole cha Mzee kilibaki hewani. Hakikushuka. Alikuwa amekwisha kuona.

"Ni mkono mmoja, Mzee," alisema Nishiwaki kwa upole.

Akaionyesha mistari, mmoja baada ya mwingine.

"Ungeifuta mistari ile ya zamani ukaacha bila kuchora, ningedhani maji ya zimamoto yameitoa. Ningeshuka zangu na magoti yangu."

Mzee Orita alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Boliti bila mstari?" alisema. "Haiwezekani, afande. Mtu anaweza kuumia."

Halafu akasikia alichokisema. Akashuka taratibu mpaka akaketi kwenye wavu wa chuma, spana mapajani.

Hakukuwa na haja ya kumbana. Mwanga ulianza kufifia tangu mvua za mwezi wa sita, alisema. Namba zikawa zinarukaruka, na kengele ya mwanga hafifu ikawa inalia kila saa, watu wakamlalamikia. Alitakiwa apande akipange upya bomba likiwa la moto. Fundi mwenzake alikuwa ameacha kazi na hakuletwa mwingine, mgongo wake ukawa haunyooki, na joto la huku juu wakati wa kiangazi linamwangusha hata kijana. Basi akakiamuru kipimo kishikilie namba ya mwisho nzuri, kiionyeshe hiyohiyo, kinyamaze. Kwa siku mbili tatu tu. Nitapanda kesho, alijiambia. Kesho ikafika ikaleta pampu iliyokufa, na kesho nyingine ikaleta jambo lingine.

"Kwa hiyo siku ya msiba Minowa aliona nini kwenye skrini?"

"Namba nzuri." Mzee aliigeuza spana mapajani. "Aliona namba nzuri ya mwezi wa sita."

"Na baada ya msiba?"

"Nilipanda walinzi wenu walipokuwa wanakula. Nikasafisha vioo. Nikaondoa ile amri ya kushikilia. Nikapanga." Alitazama mistari yake. "Nikapanga vizuri."

"Ulijua kwamba Minowa amesaini?"

"Nilijua."

"Ni nani wako?"

Hapo Mzee alifunika macho kwa kiganja chenye rangi. "Nilikuwa mshenga wa ndoa yake. Nilikaa pembeni yao siku ile, nimevaa koti la kuazima. Nilisema mbele ya watu, huyu kijana nitamwangalia kama mwanangu."

Tsukuda aligeukia bahari. Ilikuwa bado haina jambo.

Waliposhuka, Mzee Orita alitangulia. Kwenye kona ya kwanza mkono wake uliinuka wenyewe kuelekea kwenye reli, ukasita, ukarudi chini. Nishiwaki aliona, na kwa sababu asiyoijua akanyoosha kidole yeye.

"Reli, sawa," alisema kwa sauti ya chini, wakaendelea.

Jioni, katika chumba kidogo cha kituo, Minowa aliletwa akiwa amevaa soksi zile za mkewe. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, lakini alikaa kama mzee anayesubiri basi ambalo limeshapita. Nishiwaki alivuta kiti cha pili, akakalia ukingoni, goti moja amelinyoosha.

"Minowa, sikiliza. Kesho huendi kwa mwendesha mashtaka. Kipimo kilikuwa kipofu. Kilikuwa kinakuonyesha namba ya zamani. Kengele haikulia."

Minowa alimtazama.

"Haikulia kabisa," alirudia Nishiwaki. "Hukunyamazisha kitu."

"Lakini naisikia, afande."

"Nini?"

"Kengele. Mlipoanza kuniuliza sikuwa naisikia. Siku ya pili nikaanza. Sasa nikifumba macho inalia, nami naona mkono wangu unakwenda." Aliuinua mkono wa kulia juu ya meza, akautazama. "Kama haikulia, hii ninayoisikia ni ipi?"

Miaka yote ya kazi ilikuwa imempa Nishiwaki majibu ya kuwapa waongo, tena mengi na matamu.

"Itapungua," alisema, akijua ni uongo wa daktari wa meno.

Kisha akamwambia ni nani aliyekinyamazisha kipimo. Hakukuwa na njia nzuri ya kulisema, kwa hiyo alilisema kwa ufupi: mwanga, mistari, mvua za mwezi wa sita, Mzee Orita. Alingoja hasira. Alikuwa ameshasogeza kikombe cha chai mbali na ukingo wa meza, kwa mazoea.

Minowa aliurudisha mkono mapajani. Nje mtu aliangusha mafaili akajitukana.

"Yuko wapi?"

"Chumba cha pili."

"Ameshakula?"

"Sijui."

"Tumbo lake halipatani na vitu baridi," alisema Minowa. "Msimpe bento, kile chakula baridi cha kisanduku. Atakula kwa adabu, halafu usiku kucha ataumwa na hatamwambia mtu."

Akainama sana, kuinama kule kwa kushukuru, akavaa koti lake. Mlangoni alisimama kidogo akitazama ukuta wa chumba cha pili, kisha akaenda nje, kwa mkewe.

Nishiwaki alibaki na chai yake. Baadaye aliinuka kwa kushika meza, akatoka kwenye korido, akamwita askari wa zamu.

"Agiza udon, tambi za moto za mchuzi," alisema. "Mbili. Moja ya yule mzee, na moja yangu. Nitakula naye."

"Afande, maelezo yake yanangojwa juu."

"Na yangoje," alisema Nishiwaki, akauendea mlango wa chumba cha pili, akichechemea.